Papai bichi, nyama iliyopondeka, na mapapai manane chini ya mti

Swali la msomaji wa Tanga:

"Shikamoo mwalimu. Nimeolewa mwaka huu, na nilitaka kuwapikia wageni wa mume wangu mishkaki. Nilisikia papai bichi linalainisha nyama, nikasaga nusu papai, nikachanganya na kilo mbili za steki na viungo, nikaacha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi nyama ilikuwa kama maini yaliyopondwa, haishiki kwenye kijiti, na ina uchungu kwa mbali. Mara ya pili nikaogopa, nikatumia papai lililoiva, nyama ikabaki ngumu vilevile kama ilivyotoka buchani. Nimekosea wapi? Halafu upepo wa juzi umeangusha mapapai manane mabichi uani kwetu. Mama mkwe anasema tuyavundike kwenye pumba. Je, yataiva? Tuyafanyeje? Na wifi yangu ni mjamzito, anaweza kula?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa nyumba mpya. Hukukosea kuchagua papai. Ulikosea kipimo na saa. Mara ya kwanza ulitia papai jingi mno, ukaliacha usiku mzima lifanye linavyotaka. Mara ya pili ukachukua papai ambalo kazi hiyo limeshaiacha. Na maswali yako yote, hata la wifi yako, yanarudi kwenye kitu kimoja, nacho ni yale maziwa meupe yanayotoka ukilichanja papai bichi kwa kisu. Huo ndio utomvu. Kuna chakula kinachouhitaji, na kuna chakula ambacho lazima uutoe kwanza.

Uani kwako mapapai yapo, kwa hiyo chukua moja ufanye hivi kabla hujaendelea kusoma. Pitisha ncha ya kisu juu ya ganda, usizamishe, ukwaruze tu. Utaona matone meupe yanajipanga kwenye mstari wa kisu, yanakutana, yanachuruzika. Yaache dakika chache, yataganda kama mtindi, na ukiyagusa yananata. Sasa chukua papai lililoiva vizuri ulikwaruze vivyo hivyo. Hutapata kitu, au utapata unyevu tu. Hapo umeshajua kwa nini mishkaki ya mara ya pili ilikushinda.

Ndani ya utomvu huo mna kimeng'enya kiitwacho papaini, na kazi yake ni kukata protini. Nyama ni nyuzi za protini zilizofungwa pamoja, na kinachoifanya iwe ngumu ni nyuzi hizo pamoja na vile vifungo vyake. Papaini ikikata kiasi, meno yako yanapata kazi ndogo. Ikikata bila kusimamishwa hakuna kilichobaki cha kuishikilia nyama, nawe asubuhi unafungua friji unakuta uji. Ule uchungu nao unatoka hapohapo, maana protini zikikatwakatwa sana hubaki vipande vidogo ambavyo ulimi unavisikia kuwa vichungu. Viungo vyako havina kosa.

Utomvu uko zaidi kwenye ganda na chini yake kidogo, ndiyo maana kwa mishkaki papai husagwa pamoja na ganda lake. Lioshe vizuri, kata kipande, kitwange kwenye kinu au kisage kwenye blenda. Kipimo changu ni kijiko kimoja cha chakula cha papai lililosagwa kwa kilo moja ya steki. Kama ni nyama ya paja ya ng'ombe aliyezeeka, au mbuzi, weka vijiko viwili. Nusu papai la wastani ukilisaga unapata vikombe viwili hivi. Kwa kilo mbili zako za steki ulihitaji vijiko viwili tu.

Kuhusu saa, watu wengi wanadhani friji inalizima papai. Hailizimi, inalipunguzia kasi tu. Kwenye friji mimi naiacha nyama saa mbili mpaka tatu, imekatwa vipande vya ukubwa wa kiberiti kilichokatwa nusu. Usiku kucha hapana, labda nyama yenyewe iwe ya kuogopesha na papai liwe kijiko cha chai. Kama unataka nyama ilale kwenye viungo ili vikolee, ilaze na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na bizari peke yake, halafu asubuhi au mchana tia papai saa mbili kabla ya kuwasha mkaa. Ndimu itie mwisho kabisa, wakati wa kuchoma, kwa sababu nayo ina namna yake ya kuigeuza nyama, na kuziweka mbili hizo pamoja kwa muda mrefu kunaiharibu nyama upande wa juu huku ndani haijaguswa.

Saa peke yake haitoshi kukuambia, tumia kidole. Bonyeza kipande kimoja kwa kidole gumba. Kikibonyea kikarudi, bado kinavumilia. Alama ya kidole ikibaki, kimefika, kifute papai kwa karatasi au kitambaa safi, kitunge kwenye kijiti na kukipeleka motoni. Kidole kikizama umeshachelewa, na hapo usilazimishe mishkaki. Onja kwanza kipande ulichokikaanga, na kama uchungu haujazidi, isage nyama yote, tia yai, mkate uliofikichwa, kotmiri na kitunguu, ukaange kababu. Wageni watakula na kushukuru.

Kuna jambo jingine kuhusu moto ambalo nilijifunza kwa gharama. Miaka mingi iliyopita nilisimamia jiko la shughuli ya harusi, nyama kilo arobaini. Nilipima papai mwenyewe, nikaikagua nyama kwa mkono kabla haijatungwa, ilikuwa imara. Mkaa siku hiyo ulikuwa na unyevu, ukawa unafuka tu bila kushika. Tukaipanga mishkaki juu ya moto huo wa kusinzia tukisema itaiva polepole. Baada ya nusu saa vipande vikaanza kuchomoka kwenye vijiti na kudondokea majivuni, kimoja kimoja. Nyama ilikuwa nzuri ilipotoka kwenye beseni, na iliharibikia motoni.

Papaini haipendi baridi, lakini joto inalipenda. Nyuzijoto 60 mpaka 70 za selisiasi ndipo inapofanya kazi kwa nguvu kuliko wakati wowote, na ikipita hapo kuelekea kuchemka ndipo inapokufa. Kwa hiyo nyama uliyoitia papai ikikaa muda mrefu kwenye joto la kati, yale yasiyotokea kwenye friji kwa saa tatu yanatokea jikoni kwa dakika ishirini. Mkaa uwe umeshika wote, mwekundu wenye utando wa majivu, ndipo uweke mishkaki. Nyama ipite lile joto la kati haraka, iungue kidogo kwa nje, igeuzwe, itoke.

Jambo hilohilo linakusaidia kwenye sufuria, ila sasa unalitumia kwa faida yako. Wengi hutupia kipande cha papai bichi kwenye nyama ngumu, jogoo wa kienyeji au pweza, halafu wanalalamika kwamba halisaidii. Wanalitupia maji yakiwa yanatokota! Papai linakufa kabla halijafanya lolote. Litie maji yakiwa ya baridi, kipande cha ukubwa wa vidole viwili na ganda lake, bandika kwenye moto mdogo, acha sufuria ipate joto taratibu, kisha ndipo uchochee moto. Hapo utaona tofauti. Kuku wa kisasa, samaki na kamba usiwatie papai, wana nyama laini ambayo haina cha kulainishwa.

Utomvu huu, mwanangu, ni mali. Kule Beni, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, wako wakulima wanaopanda mipapai si kwa ajili ya tunda bali kwa ajili ya kuigema. Papai bichi lililokomaa huchanjwa mistari myembamba likiwa bado mtini, utomvu unakingwa, unakaushwa na kuuzwa. Viwanda vinautumia kwenye unga wa kulainishia nyama unaouzwa dukani, na hata kwenye bia, ili isifanye ukungu ikipoa. Nakutajia hili ili ujue kwamba kitu chenye nguvu ya kupelekwa kiwandani kipo uani kwako, na kinastahili kupimwa kwa kijiko.

Pia kinaunguza. Ukimenya mapapai mengi mikono itawasha, vidole vitachubuka hasa pembeni mwa kucha. Jipake mafuta ya nazi mikononi kabla hujaanza, na usijiguse macho. Kuna watu ambao miili yao haipatani na mpira wa asili, wakivaa glavu au wakipuliza puto ngozi inavimba. Mtu wa namna hiyo anaweza kudhurika na papai vilevile, kwa hiyo ukimjua mmoja katika wageni wako muulize kwanza.

Sasa yale manane.

Mama mkwe ana haki ya kufikiria pumba, maana ndizi tunazivundika na zinaiva tamu. Lakini ndizi mbichi imejaa wanga, na wanga huo ndio unaogeuka sukari. Papai halina akiba hiyo. Sukari yake inatoka mtini, na papai likikatika kabla halijakomaa, hata ulifukie wapi litalainika na kupata rangi huku ndani ni maji matupu. Ili ujue, pasua moja. Mbegu zikiwa nyeupe, hayo ni mboga na hayataiva. Zikiwa nyeusi au zinaelekea weusi, tafuta yenye mstari wa njano upande wa chini, yale yaweke sebuleni penye kivuli, uyafunike gazeti pamoja na ndizi mbivu moja, nayo yataiva kwa siku chache. Usiyatie kwenye friji kabla hayajaiva, baridi inayafanya yagome kuiva na kupata madoa. Na yaliyopasuka kwa kuanguka yatumie leo.

Yenye mbegu nyeupe usiyaonee huruma. Papai bichi lililopikwa ni mboga nzuri, linakaribia mumunye kwa ladha, lakini linashika umbo vizuri zaidi. Nyumbani kwetu tulilipika kwa nazi, na mpaka leo nikilipika naona kama bibi yangu kasimama nyuma yangu akiangalia nisije nikachanganya tui.

Chukua papai moja la kilo moja hivi. Lichanje mistari minne kuanzia juu hadi chini, lisimamishe kwenye bakuli la maji nusu saa ili utomvu utoke. Kisha limenye, lipasue, kwangua mbegu na ule utando mweupe ndani, likate vipande kama vya viazi vya mchuzi. Vichemshe kwenye maji ya chumvi dakika tano na umwage maji hayo. Watu wengi huiruka hatua hii, halafu wanasema papai bichi lina uchungu na linakwaruza koo. Ni utomvu huo walioupika pamoja na mboga.

Ikune nazi moja, ukamue tui zito kikombe kimoja uliweke kando, kisha uongeze maji ya vuguvugu upate tui jepesi vikombe viwili. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo, tia kitunguu saumu, nyanya mbili, manjano nusu kijiko cha chai na bizari. Nyanya zikishasagika tia vipande vya papai, uvigeuze vishike viungo, umwagie tui jepesi na kuweka pilipili mbuzi nzima juu bila kuipasua. Dakika kumi mpaka kumi na tano papai linachomeka kwa uma lakini halijavunjika. Hapo punguza moto, tia tui zito, na kuanzia sasa usiondoke. Koroga polepole kwa kuteka na kumwaga mpaka lipate kuchemka mara moja tu, uepue. Ukiliacha litokote peke yake tui litakatika, upate mafuta juu na maji chini. Ndimu kila mtu ajikamulie sahanini. Ukiwa na kamba wakavu au papa mkavu aliyeoshwa chumvi, watie pamoja na tui jepesi, na usiongeze chumvi mpaka umeonja. Kwa wali mweupe, au mkate wa kumimina, sina mboga ninayoipenda zaidi ya hii mwezi wa mvua.

Mawili au matatu mengine yafanye achari. Menya, likwangue papai kwenye kile kifaa cha kukwangulia karoti, changanya na chumvi vijiko viwili kwa kila kilo, acha saa moja, kisha likamue kwa nguvu zako zote ndani ya kitambaa. Maji yatakayotoka ni mengi kuliko unavyodhani. Litandaze kwenye sinia juani siku nzima likauke. Chemsha siki na sukari kidogo, haradali iliyopondwa, manjano, tangawizi na pilipili, ipoe, mwagia kwenye papai ndani ya chupa iliyochemshwa na kukauka kabisa. Ipe wiki moja kabla hujaifungua, na kila ukichota tumia kijiko kikavu. Achari nyingi zinaharibiwa na kijiko chenye maji.

Hayo mengine yakikuivia, kuna mambo mawili yanayowasumbua wengi, na sababu yake ni ileile. Papai lililoiva lina papaini kidogo, lakini hiyo kidogo inatosha kuuharibu mchanganyiko wenye maziwa. Ukisaga papai na maziwa ukayaweka kwenye friji, jioni utaonja uchungu. Ama unywe palepale, ama papai lenyewe ulichemshe kwanza mpaka litokote, lipoe kabisa, ndipo utie maziwa. Na jeli ya dukani, ile ya unga wa kuyeyusha, haigandi kabisa na papai bichi wala bivu, kwa kuwa kinachoigandisha ni protini. Papai lililochemshwa linakubali.

Jemu ya papai inahitaji ndimu, si kwa ladha tu. Papai halina ukali wa kutosha, na pasipo ukali jemu haishiki wala haikai. Kwa kilo moja ya nyama ya papai bivu tumia sukari robo tatu kilo na maji ya ndimu nne, upike ukikoroga mpaka tone ulilodondosha kwenye sahani baridi lisiteleze.

Mbegu nyeusi usizitupe zote. Tafuna moja, utasikia ukali wa haradali, na kweli ukali huo ni wa ukoo mmoja na haradali. Zioshe ule utando wake, zianike mpaka ziwe kavu na kuvunjika, zisage, utumie badala ya pilipili manga kwenye nyama ya kuchoma. Anza na robo kijiko cha chai, zina nguvu.

Wifi yako nimemweka mwisho ili nimjibu vizuri. Papai lililoiva kabisa, ganda la njano, mbegu nyeusi, nyama laini isiyotoa utomvu, ale. Gramu mia moja zina vitamini C miligramu 60 hivi, na linalainisha choo, maana choo kigumu ni tatizo la wajawazito wengi. Papai bichi, na lile lililoiva nusu ambalo ukilikwaruza bado linatoa maziwa, asile. Wazee wetu walikataza hilo tangu zamani, na uchunguzi uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba utomvu wa papai bichi unaufanya mji wa mimba ukaze, wakati juisi ya papai bivu haikuwa na madhara hayo. Utauliza, mbona nimesema kuchemsha kunaua papaini? Ni kweli, lakini utomvu una vitu zaidi ya papaini, na mboga za kumpa mjamzito ziko nyingi. Kwa hiyo mboga ile ya nazi, achari, mishkaki iliyotiwa papai bichi, na mbegu, vyote mwekee kando mpaka ajifungue salama. Siku mtakayopika papai la nazi, mpikie yeye mumunye kwa viungo vilevile na tui lilelile. Na akipatwa na maumivu ya tumbo au kuona damu, iwe amekula papai au hakula, aende kliniki siku hiyohiyo.